Sweta Kwenye Kamba

Mtu anayeanika sweta Garissa ana lake jambo. Mimi na shahada zangu mbili nilipita chini ya kamba ya nguo, sweta la mwenzangu likanipapasa kichwa, na sikuelewa kitu.

Sote wawili tulikuwa walimu wa kutoka bara, tukipanga katika ua mmoja mtaani Iftin. Kila usalama ulipoyumba, wenzetu walizungumzia uhamisho, na huyo mwenye sweta ndiye aliyewacheka.

"Hofu ni fisi," alisema, kikombe cha chai mkononi. "Ukikimbia anakufuata. Ukisimama anakutazama mpaka achoke."

Mimi niliyekuwa nimeshafunga mizigo, walau kichwani, nikaifungua.

Tena akaichokonoa ndoto yangu ya tangu chuoni: chumba cha kusomea, wazi kwa yeyote apitaye. "Kaka, utazikwa na hayo maboksi ya vitabu?" Tukapata chumba kinachotazama barabara, jirani na mama anayeuza maziwa ya ngamia. Kilichonitisha ni mlango. Kukaa peke yangu, mgeni, mlango wazi barabarani, sikuweza.

"Mlangoni nitakaa mimi," akaahidi. "Wewe kaa ndani na woga wako."

Tulikubaliana kufungua Jumamosi. Alhamisi akaanika sweta.

"Theluji inakuja?" nikamtania.

"Linanuka sanduku tu, kaka."

Nikacheka. Jua lilikuwa la kuyeyusha sabuni.

Jumamosi asubuhi nilikuta kufuli mlangoni kwake. Mama mwenye nyumba alikuwa akifagia ua.

"Mwalimu, rafiki yako nasafiri jana. Hakukuambia? Wallahi, uhamisho yake naomba zamani, kabla ya Ramadhani." Akaegemea fagio. "Mimi nikiona mwalimu wa bara naanika sweta, natafuta mpangaji."

Kabla ya Ramadhani. Ndipo nilipoanza kupiga hesabu. Ule mfano wake wa fisi alinipa wakati huohuo. Basi alipokuwa akinisimamisha mbele ya mnyama, mwenyewe alikuwa ameshaanza kukimbia. Kuondoka ningemsamehe. Hata mimi nusura niondoke. Lakini angeweza kuniambia tukimbie wote. Au alihitaji mtu wa kubaki ili fisi awe na cha kutazama?

Nilikaa kwenye ua nikiuzungusha ufunguo wa kile chumba mpaka mama mwenye nyumba akachoka kunifagia miguu.

"Sasa wewe nafungua ama nafunga?"

Nikaenda nikafungua, kwa hasira zaidi ya ujasiri. Nikatoa kiti nje, nikakaa mlangoni, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kukaa.

"Mwalimu!" mama wa maziwa akaita. "Wewe peke yako? Yule wa mdomo mingi iko wapi?"

"Ameshikwa na baridi."

Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini, kisha akaja kutazama vitabu, akaniuliza kama nina cha mifugo. Sikuwa nacho. Akasema atarudi nikikileta.

Jioni simu ikalia. Picha: mwenzangu yuko kwao milimani, ukungu nyuma yake, ndani ya lile sweta. Habari zilishamfikia; chini ameandika, "Hongera kaka! Nilijua utaweza."

Hakuna tusi lililowahi kunichoma kama hilo. Sijamjibu mpaka leo. Kitabu cha mifugo nimekileta, na mlangoni bado ninakaa mimi.