Boksi la Keki Siku ya Thimio

Thimio alikuwa amempa binti yake Asimina neno: siku ya mtakatifu wa jina lake ikipita bila mtu kuingia kumtakia heri, basi anafunga nyumba, anapanda gari na kwenda kuishi Athene, kwenye chumba cha nyuma cha huyo binti, chenye dirisha linalotazama ukuta. Begi lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango. Mimi na mke wangu Garifalia hatukujua lolote katika hayo. Sisi tulikuwa na njaa tu.

Mimi nauza matrekta yaliyotumika kule Tripoli ya Ugiriki, juu milimani, ambako Januari hata mbwa hatoki nje bila sababu. Jumapili za baridi mimi na Garifalia hushuka na gari kwenda baharini. Wengine huenda Agosti. Waende. Agosti unalipia mpaka kivuli, na gari unaliacha mbali ukatembee juani. Januari, hasa zile siku chache baridi inapolegea na bahari ikalala kama mafuta kwenye sahani, pwani nzima ni yako. Unaegesha mpaka kwenye kokoto na hakuna anayekuuliza.

Taabu ni moja: vijiji vinakuwa vimefungwa. Ndiyo maana sisi tunaozunguka pwani msimu huo hatusomi vibao. Kibao cha mgahawa husema karibuni mwaka mzima hata mwenyewe akiwa Athene. Tunatazama moshi. Penye moshi pana jiko, penye jiko pana mtu.

Siku hiyo tulipita mji wa Astros, Garifalia akanunua boksi la keki za maziwa, limefungwa utepe. Alizinunua za kwetu, za kula nyumbani na kahawa.

“Weka kwenye buti,” nikamwambia.

“Zikagongane na jeki yako? Nazipakata.”

Tulipofika kijiji cha Agia Thekli tukakuta madirisha yote yamefungwa na paka wamelala katikati ya barabara. Moshi ulitoka kwenye bomba moja tu, nyumba ya mwisho kabla ya gati. Nje, chini ya mzabibu uliopukutika majani, palikuwa na meza ndefu imetandikwa kitambaa cheupe, glasi zimepinduliwa. Mzee mmoja mnene, amevaa aproni, alikuwa anageuza pweza juu ya mkaa.

“Mzee, mmefungua?” nikauliza.

“Nimefungua? Tangu alfajiri!” Akamtazama Garifalia, ambaye hakutaka krimu iharibike ndani ya gari na alikuwa amelikumbatia boksi lake kama mtoto mchanga. Uso wa mzee ukabadilika. “Asimina! Leta viti! Si nilikwambia?”

Akatoka mwanamke wa makamo amenuna. Nikasema moyoni, huyu mhudumu hajalipwa tangu kiangazi.

Mzee akalichukua boksi mikononi mwa mke wangu. “Mmejisumbua bure jamani,” akasema, akampa yule mwanamke azipange keki kwenye sahani.

Garifalia akanivuta shati. “Stathi, amechukua keki zangu.”

“Tulia. Nitamkata kwenye bili.”

Tukaketi. Nikauliza kama ninavyouliza kila mahali: “Pweza kilo bei gani leo?”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Umemsikia, Asimina? Anauliza bei!”

Nikaona huyu ni fundi. Muuzaji anayecheka ukimuuliza bei anangoja ule kwanza. Najua, nami huwachekea watu hivyo hivyo kwenye matrekta.

“Bwana, mimi siketi bila bei.”

“Basi kula umesimama!”

Kikaja pweza, wakaja samaki wadogo wa kukaanga, zikaja mboga chungu za porini na limau, na mvinyo ndani ya jagi. Halafu mwenye mgahawa naye akavuta kiti akaketi nasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Lakini alikuwa na maneno, na mvinyo ulikuwa mzuri.

Jina lake Thimio, na alikuwa mpishi wa meli za mizigo. Amechemsha makaroni kwenye bahari zote, sufuria imefungwa kwa waya isiruke, akilisha mabaharia wa kila taifa, na kila mmoja akimwambia mama yake anapika vizuri zaidi. Mkewe Zambeta alimngoja Agia Thekli. Aliporudi moja kwa moja wakajenga tanuri, wakapanda malimau, na kabla malimau hayajazaa vizuri Zambeta akafariki. Hayo aliyasema kwa sentensi moja, akanijazia glasi.

Nilipoingia ndani kunawa mikono niliona begi nyuma ya mlango, na juu yake ukuta umejaa misumari, kila msumari na funguo.

“Za nani zile?” nikamuuliza niliporudi.

“Za nyumba za watu wa Athene. Wanakuja Agosti. Baridi nzima mimi nazifungua zipate hewa. Bomba likipasuka nafunga maji. Kigae kikianguka napanda.”

“Wanakulipa?”

“Wananiletea kahawa.”

Nikamhurumia kidogo, kama mtu anavyomhurumia mfanyabiashara mbovu. Kisha nikatazama ile safu ya nyumba, kuta kavu, milango mizima. Kijiji kile kilikuwa kimesimama kwa sababu mtu mmoja alikuwa anakizunguka na funguo. Ningelipa fedha nzuri kupata mtunza ghala wa namna hiyo.

Jua lilipoanza kushuka nikatoa pochi. “Haya mzee, bili. Na ukumbuke keki.”

Mzee akaisogeza pochi yangu pembeni.

“Bili ya nini?” akasema Thimio.

Asimina ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akaweka sahani chini. “Baba. Hawa wamedhani ni mgahawa.”

Garifalia akanitazama, akatazama sahani ya keki, kisha akajifunika uso. “Leo tarehe ishirini, Stathi! Mtakatifu Efthimio, siku ya akina Thimio wote!”

Kwetu siku ya jina haina mialiko. Mwenye jina huacha mlango wazi na meza tayari, na anayeingia na boksi la utepe haulizwi kaja kufanya nini. Tulikuwa tumekula karamu ya mtu tusiyemjua, na katikati yake nilitaka anipunguzie bei.

“Miaka mingi, mzee Thimio,” Garifalia akasema, mashavu yamemwiva.

“Asante, mama. Umeona, Asimina? Fungua begi.”

“Hawahesabiki, baba! Walikuja kula!”

“Na wengine huenda kwenye siku za majina kufanya nini? Kusali?”

Hapo ndipo walipotueleza lile neno walilopeana. Thimio akanigeukia. “Wewe mtu wa biashara. Amua.”

“Mlisema maneno gani hasa?” nikamuuliza binti.

“‘Mtu akiingia akakutakia heri.’”

“Mke wangu ameingia. Na heri amemtakia, umemsikia.”

“Amemtakia baada ya kukumbushwa na bili!”

“Mapatano yenu hayakusema kabla au baada.”

Thimio akapiga meza kwa furaha. Lakini Asimina hakucheka. “Sawa, bwana wakili. Februari akianguka juu ya paa la mtu wa Athene, nani atamwona? Maneno?”

Alikuwa na haki, na mzee alijua, kwa sababu alianza kukusanya makombo ya mkate mezani kwa kidole.

“Sisi tutamwona,” akasema Garifalia. “Jumapili tunashuka hata hivyo.”

Nikafikiria dizeli. Nikafikiria pia zile Jumapili tulizozunguka pwani nzima tukaishia kula biskuti ndani ya gari, vioo vimefunga ukungu. Nikasema sawa. Kisha tukapatana kama watu wazima: Jumapili zote za baridi sisi, siku nyingine Thimio anampigia binti yake simu akishafungua nyumba na kabla ya kula, na paa hapandi.

“Na kigae?”

“Kigae nitapanda mimi,” nikasema, na nikajuta palepale.

Asimina akaingia ndani, akamwaga mashati ya begi kitandani, akatoka nalo mpaka kwenye malimau. Begi lilikwenda Athene siku ile ile, limejaa malimau hata zipu haikufunga.

Nimeuziana na watu maisha yangu yote, na sijapata faida kama ile niliyoipata kwa kosa. Sasa tukivuka kona ya mwisho na kuona ule moshi, Garifalia huanza kujitengeneza nywele, nami naona njaa inanijia vizuri. Nimepanda mapaa mawili. Thimio haniiti Stathi, ananiita Mteja, na kila tarehe ishirini Januari hunitandikia karatasi mezani badala ya kitambaa na kuibana kwa vibanio, kama mgahawa kweli.

“Unaagiza nini, Mteja?”

“Pweza. Kilo bei gani?”

Mpaka leo hajanitajia.