Kaka yangu hajapogoa mizabibu ya mama

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje. Sema tu ni huku Dodoma kwenye zabibu, maana huku kila mtu ana simu na mimi siku hizi simwamini mtu.

Nina miaka 31, watoto wawili, niliachika nikarudi kwa mama. Baba alishafariki, akamwachia mama shamba la mizabibu, na ndilo linalotulisha. Kaka yangu mkubwa ana mji wake hapo hapo kijijini, ila kupogoa matawi ni kazi yake, kwa kuwa baba alimfundisha yeye. Tukimaliza tu kuvuna, huwa wa kwanza kushika mkasi hata asipoitwa.

Safari hii majirani wamepogoa na mizabibu yao inachipua. Yetu imesimama na matawi ya zamani. Nikimuuliza anasema, "Tusubiri kwanza, jua kali." Jua la Dodoma limeanza kuwa kali mwaka huu? Wenye zabibu mnajua, mtu haachi kupogoa labda kama hatarajii kuvuna.

Sikuwaza mabaya mpaka wifi yangu, mke wake, alipokuja kutusalimia. Akaropoka, "Mizabibu yenu imeshika vizuri kule bondeni." Nikamuuliza, "Yetu ipi, wifi?" Akababaika, akaanza habari za maji. Nikaenda bondeni mwenyewe. Nikakuta kaka amekata matawi machache ya mbegu kwenye shamba la mama na kuyapanda kwenye kiwanja chake kipya. Roho ikaniuma.

Ndipo wakaja wataalamu na ramani ya mpango wa maendeleo ya kijiji, wakaibandika ukutani shuleni. Kaka ni mjumbe wa kamati ya mpango huo. Mtaalamu akasema, "Hakuna kilichoamuliwa, wazazi wangu. Tumekuja kusikiliza maoni yenu." Mama hajui kusoma, akauliza, "Na shamba langu liko wapi hapo?" Kaka akainuka haraka kabla mtaalamu hajajibu, akaweka kidole pembeni kabisa. "Hili hapa, mama. Halijaguswa."

Jamani, mimi nimeishia darasa la saba lakini shule naiona, kisima nakiona. Shamba letu liko katikati ya hivyo viwili, na hapo wamechora soko jipya na stendi.

Nilimfuata pembeni. "Kaka, mbona umemdanganya mama?" Akanikazia macho. "Wewe ramani umesomea wapi? Umeshindwa ndoa yako, sasa unataka kunichafua mimi?" Nililia njia nzima. Nasikia wajumbe wameahidiwa vibanda vya mbele sokoni. Sina ushahidi, lakini tangu siku ile analeta sukari na kitenge kwa mama, na yeye hata Krismasi huwa hakumbuki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilijaribu kumdokeza mama. Akanikatisha, "Mwanangu hawezi. Nimebaki na nyie wawili tu, usiniletee ugomvi." Ana presha, nikaogopa kuendelea. Kuna wakati najiuliza labda ni mimi mwenye moyo mbaya, labda kaka alikosea tu pa kuweka kidole. Halafu naenda shambani, naikuta mizabibu bado haijapogolewa.

Wiki ijayo ni mkutano mkuu wa kupitisha mpango, watu wanapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mama ameshafua kitenge alicholetewa. Jana ameniambia, "Siku hiyo ukae na mimi mbele. Wakisema tunyooshe, tunyooshe wote, tusimwangushe kaka yako."

Ndugu zangu, mama atanyoosha mkono kulitoa shamba lake akidhani anambariki mwanawe. Nisimame nimwanike kaka mbele ya kijiji kizima, mama akiwa pale pale na presha yake? Au nikae kimya, mkono wake uende juu? Nishaurini, mimi akili imegota.