Pua ya Mume Wangu Iliyotoka Ubavuni

Mwaka tulipoanza kuvuna kahawa yetu wenyewe pale Isansa, mume wangu aliingiza uso kwenye mashine ya kumenyea ili aone kilichokwama. Kilichokwama kikajikwamua. Mkono wa mashine ukazunguka kwa nguvu, ukamtandika puani, naye akakaa chini kwenye maganda na kuniuliza, "Mama watoto, pua ipo?"

Ilikuwapo, ila imelala upande.

Hospitali wakainyoosha, wakaijaza pamba, wakamwambia asiiguse. Lakini kulikuwa na harusi ya binamu yake kule Ndalambo, na mume wangu hakuwa mtu wa kwenda harusini na pamba puani. Akaing'oa pamba mwenyewe, akaenda, akacheza, akagongana vichwa na mpiga ngoma. Pua ikatitia katikati kama paa la nyasi lililooza mti wa juu.

Tangu siku hiyo ikawa inapiga mluzi. Akivuta pumzi, mluzi. Akitoa, mluzi mwingine, wa chini kidogo. Jumapili moja, katikati ya sala ya kimya, mbwa wetu aliyekuwa akitusubiri nje aliingia kanisani moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu, akidhani ameitwa. Jumapili iliyofuata akaja na wenzake. Mzee wa kanisa akatuomba kwa upole tuwe tunakaa karibu na mlango.

Mume wangu akaanza kutembea ameziba uso kwa kiganja, hata shambani, ambako hakukuwa na wa kumwona ila mimi. Hilo halikunichekesha.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba kwao kuna daktari wa misheni, Mzungu, aliyewahi kutengeneza nyuso za askari wakati wa vita. Tukapanda lori la mahindi mpaka Tunduma, tukavuka, naye wifi akatupeleka misheni.

Daktari aliibonyeza ile pua kwa kidole gumba. "Ndani haina nguzo," akasema. "Nitachukua gegedu ubavuni mwako, nilichonge, niliweke hapa."

"Gegedu ndiyo nini?" nikauliza.

"Ule mfupa laini tunaoutafuna kwenye kidari cha mbuzi," wifi akanijibu.

Mume wangu akanitazama, kisha akamgeukia daktari. "Bwana daktari, si ubavuni ndiko alikotolewa mke? Mimi mmoja ninaye, ndiye huyu. Hutaniletea wa pili usoni?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa nasubiri jibu. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, Maandiko nayajua, na sikutaka mke mwenza hata awe na ukubwa wa kidole.

Siku ya upasuaji walimpa dawa ya usingizi. Alipozinduka alishika kifua. "Wamekosea mahali," akaninong'oneza. "Pua haiumi kitu. Wameniua ubavu."

Daktari akatoa amri: asicheke, asiiguse pua, na chafya ikimjia, aitoe kwa mdomo.

Mama mkwe alikuja kumwona kutoka Hasamba, akakaa kando ya kitanda, akamlilia mwanawe kidogo, kisha akatoa kikopo cha ugoro. Nikaona macho ya mume wangu yanajaa machozi.

"Mama, funga!" nikasema.

"Nifunge nini?"

"Ugoro!"

"Ugoro wangu umekukosea nini, mwanangu?" akasema, akajipepea kwa upindo wa kitenge, vumbi lote likaenda kitandani.

Muuguzi akapiga kelele kutoka mlangoni, "Mdomo! Fungua mdomo!" Wagonjwa wote wa wodi ile, wenye miguu mibovu na wenye matumbo, wakafungua midomo yao kumwonyesha. Mume wangu akatazama huku na huku, akaachama, akatoa chafya iliyolia kama kondoo, akaanguka kwenye mto akiwa ameukumbatia ubavu.

Wodi nzima ikaangua kicheko. "Nihurumieni, ndugu zangu," akawasihi, "msinichekeshe." Wakazidi.

Daktari akaja mbio, akachungulia chini ya bandeji. "Imesimama," akasema, akaondoka na kikopo cha ugoro mfukoni.

Tuliporudi Isansa, pua ilikuwa imenyooka, nyembamba juu, imekaa kama ya karani. Watu walikuja kuitazama. Mama mkwe aliizunguka kwanza kushoto, kisha kulia. "Ni nzuri," akakubali, "lakini si ya ukoo wetu." Majirani wakasikia habari ya mke wa pili wa usoni, wakapata salamu mpya ya kumpa mume wangu: "Hamjambo nyote wawili?" Naye aliitikia kwa heshima, "Hatujambo," akainua kichwa. Kile kiganja hakikurudi tena usoni.

Msimu wa mvua uliofuata nilijifungua binti. Mama mkwe akampokea, akamkagua vidole, masikio, mwisho pua. Ilikuwa pana, imelala vizuri, ya babu zake kabisa.

"Mbona hakuifuata ya hospitali?" akauliza, kana kwamba tumemwibia kitu.

"Mwacheni," mume wangu akasema, akimchukua mwanawe. "Akiihitaji, mbavu anazo."

Mama mkwe akafikiri, akamgusa mtoto ubavuni kwa kidole. Mtoto akalia. "Zipo," akasema, akatulia.