Laini ya Buluu Ukutani

Lornah alipoacha chuo huko Bondo kwa kukosa karo, hakuacha kusoma. Alijifunza sayansi ya data kwenye kozi ya bure ya mtandaoni, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akikalia magunia ya chakula cha samaki. Wahenga walisema elimu ni bahari. Yeye alikuwa na ziwa, akaona litamtosha.

Kazi yake ilikuwa ndogo. Shangazi yake Rachael, ambaye yeye alimwita Waya kama Wajaluo wafanyavyo, aliongoza kikundi cha wajane wenye vizimba vya kufugia samaki aina ya ngege ziwani, nje kidogo ya Kisumu. Walimpa Lornah kipimo cha oksijeni akitumbukize majini kila asubuhi na kuweka namba kwenye simu. Siku nyingi namba zilikuwa nzuri. Mara chache, maji yalipogeuka rangi na kunuka matope, zilianguka vibaya mno.

Mwalimu wa kozi, kijana mchangamfu asiyewahi kunusa ziwa hili, alifundisha kwamba kabla ya kuchora grafu lazima data isafishwe. Namba iliyojitenga na nyingine itiliwe shaka. Huenda ni kosa la chombo. Na kipimo chenyewe kilikuwa kikuukuu. Lornah akazifuta zile namba mbovu moja moja, roho ikamtulia kama mtu aliyemaliza kufagia ua. Laini ya buluu ikanyooka, ikapendeza.

Alipata alama za juu na cheti. Rachael akaibandika grafu ukutani mwa stoo, akawaita wenzake.

"Kwa hivyo maji iko sawa mwaka yote?" akauliza. "Tunaweza ongeza samaki?"

"Angalia laini, Waya. Haijashuka hata mara moja."

Wajane waliiamini kwa kuwa aliyeichora ni mtoto wao. Wakajaza vifaranga vya samaki vizimbani hadi vikabanana.

Mvua zilipokuja, namba za kipimo zikaanza kushuka tena. Lornah alikitikisa, akalaumu betri.

Siku chache baadaye ngege wote walielea matumbo juu. Wanawake waliingia mitumbwini na mabeseni kuwazoa, taratibu kama watu wa matanga. Lornah alitamani wamtukane. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza kuliko tusi lolote.

Rachael alitoka majini, gauni limelowa hadi kiunoni.

"Lornah, hiyo mashine yako haikujua?"

Angeweza kusema kipimo ni kibovu. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, na wote wangeukubali.

"Ilijua, Waya. Ilituambia mara nyingi. Ni mimi nilifuta."

Rachael aliketi juu ya beseni lililofudikizwa, akajipangusa magamba mikononi.

"Mimi hiyo harufu nilisikia tangu Jumapili," akasema. "Nikaenda stoo, nikaangalia laini yako kwa ukuta, nikarudi nyumbani."