Tokeni Kwenye Sinia la Mwali

Kwetu Kibiti, mwali wa ukoo wetu anapotolewa nje hutunzwa kwa sarafu. Zinadondoshwa moja moja kwenye sinia la bati mbele yake, na kila mlio ni dua. Ndivyo nilivyofundishwa, na mimi ndiye shangazi mtu, kwa hiyo siku ya binti wa kaka yangu nilishika msimamo: noti sitaki.

Wageni kutoka Maparoni walikuja na noti mikononi. Nikawarudisha. Sarafu za chenji zimeadimika, ila dukani kulikuwa na dubwi, ile mashine ya kamari ya barazani, inayotema tokeni za njano zenye picha ya simba au tembo. Mwenye duka alikuwa akizipokea kwa sukari na sabuni bila kusita, na watu walizikusanya majumbani. Basi wageni wakampa noti zao, naye akawapa tokeni. Sinia lililia mpaka nikatokwa machozi ya furaha.

Tunzo zile zilikuwa za kununulia tranka. Binti alichaguliwa shule ya bweni, na tranka lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Wiki iliyofuata nikapeleka tokeni dukani, beseni zima kichwani. Pale barazani mashine ilipokuwa zilibaki alama nne za miguu yake.

"Mwenyewe kaja kaibeba, shangazi," akasema mwenye duka. "Eti vibali vinaangaliwa upya. Huenda ikarudi, huenda wakaleta za kuchezea kwenye simu. Mie sijui."

"Na hizi?"

"Ziwekeni tu. Zina picha nzuri. Ukumbusho."

Ukumbusho wa nini? Noti za ndugu zangu alizitia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, leo ananitazama mkavu wa macho. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja. Hao wenye mashine nao hawakutuuliza walipoileta, wala hawakutuaga walipoiondoa.

Siku ya safari, nguo za binti zilikuwa kwenye kiroba cha mchele kilichofungwa kwa kamba. Hakununa. Alinishika mkono stendi, akaniuliza kwa upole, "Shangazi, kwani zile noti zilikuwa na kosa gani?"

Basi lilikuwa limeshawasha injini. Nikajifanya sikusikia.