Sentensi Moja Kati ya Tatu

Mimi ni mmoja wa wale watu ambao wakianza kuongea redioni, wengine wanapunguza sauti. Jina langu ni Hezekiah, dereva wa trela mstaafu, na kwa miaka sita nimekuwa nikipiga simu kila asubuhi kwenye kipindi cha redio moja ya Nakuru. Huko wananiita Profesa wa Salgaa, kwa jina la mji wetu mdogo wa barabara kuu. Shule niliacha darasa la saba, lakini nikiitwa hivyo hewani, mabega yananipanda yenyewe.

Sifa yangu ilikuwa kunukuu. Kiongozi akisema jambo mkutanoni au mazishini, naliandika kwenye daftari, na asubuhi nalisoma. "Nanukuu," nasema, kisha nikimaliza, "Mwisho wa kunukuu." Siongezi neno. Hilo nilijivunia mno, kana kwamba mtu asipoongeza kitu basi amesema ukweli. Na dakika unayopewa ni moja tu. Ukizungukazunguka, mtangazaji anakukata mdomo ukiwa wazi.

Mwezi wa kwanza, MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti, Mheshimiwa Cheptoo, aliitisha mkutano kuhusu akina mama wanaouza chai na mayai kando ya barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa. Mke wangu Jepleting ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chao. Saa ile akina mama wote walikuwa kazini, kwa hivyo aliyekaa kiti cha mbele ni mimi. Mheshimiwa alisema hivi: "Hawa akina mama waondolewe barabarani. Lakini si kabla soko lijengwe na kila mmoja apewe ufunguo wa kibanda chake. Atakayewagusa kabla ya siku hiyo, aanze na mimi."

Niliandika sentensi zote tatu. Sitadanganya hapa pia. Zote tatu.

Kesho yake nilipopiga simu nilikuwa na nia ya kuzisoma zote. "Profesa, uko hewani, harakisha!" Nikaitazama ile ya kwanza. Ndiyo iliyokuwa na moto. Niliisoma peke yake, nikasema mwisho wa kunukuu, nikamsikia mtangazaji akishangaa, "Uuui! Profesa, hiyo ni nzito!" Nilikata simu nikiwa nimeridhika kabisa, mzee mzima.

Jepleting alikuwa jikoni akichemsha mayai ya kupeleka kazini.

"Baba Lynn, ati tuondolewe? Huyo Cheptoo tulimpigia kura amesema hivyo kweli?"

"Neno kwa neno," nikamjibu.

Aliniamini. Wenzake walikuwa tayari barabarani wakihudumia madereva, na kwa kelele za malori hakuna aliyesikia redio. Yeye ndiye aliyewapelekea habari. Wiki mbili baadaye maafisa wa kaunti walikuja kwa chifu kukusanya maoni ya wananchi kuhusu soko, na Jepleting akawaambia wenzake, "Hatuendi. Hatuwezi kwenda kusaini tufukuzwe." Hakwenda hata mmoja. Maafisa waliandika kwamba wafanyabiashara hawana haja na soko, na soko likapelekwa wadi nyingine.

Wiki zile zote mbili nilikuwa na nafasi ya kusema. Kila jioni nilijiambia kesho. Niliogopa kuitwa mwongo, mimi ambaye sikuwa nimeongeza neno.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imeanza na akina mama wamejibanza chini ya karatasi za nailoni, Hadiya anayeuza sambusa alikuja na simu yake. Kaka yake, Hafiz, alikuwa amerekodi ule mkutano wote. Akaongeza sauti, akatuchezea rekodi. Nilikuwa pale na kikombe changu cha chai. Mheshimiwa akasema la kwanza, akasema la pili, akasema la tatu.

Akina mama wakamgeukia Jepleting.

"Mama Lynn, si ulituambia ni redio ilisema?" Hadiya akauliza. "Kwani Baba Lynn alisoma nini huko?"

Jepleting alinitazama mara moja tu. Nikaangalia chini, na hapo akajua. Nilidhani atanitaja, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari nimeanza kutafuta la kujitetea.

"Baba Lynn alisoma zote," akasema. "Ni mimi nilisikia ya kwanza nikatoka mbio kabla amalize. Makosa ni yangu."

Walimlaumu sana. Mmoja alilia, kwa sababu mayai yake yote yalikuwa yamelowa matope asubuhi ile. Mwingine akasema kiongozi wa namna hiyo hawamtaki, na mikono ikainuliwa papo hapo, wote isipokuwa wawili. Jepleting alitoa muhuri wa kikundi mfukoni mwa aproni, akamkabidhi Hadiya, akarudi kumimina chai ya dereva aliyekuwa akingoja.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikufungua mdomo.