Lete Zote kwa Mpigo

Siku yangu ya kwanza ya ukarani mahakamani hapa Kigoma, Hakimu Mfawidhi, mkuu wa mahakama yetu, alinikabidhi kitabu cha stakabadhi. "Wino wako ni siku za watu," alisema. Nikacheka moyoni. Ujana, jamani!

Adhabu nyingi zilisomwa hivi: faini, au ukishindwa, kifungo. Lakini sheria iliacha mlango mdogo. Ndugu wakileta sehemu ya faini, siku za mfungwa zinapunguzwa kwa kiasi hicho. Kazi yake sasa! Stakabadhi, hesabu ya siku, hati mpya, kisha uipeleke gerezani kwa miguu. Karani Mkuu alinifundisha njia ya mkato: "Waambie walete zote kwa mpigo."

Yohana, mvuvi wa Kibirizi, alishindwa faini ya nyavu haramu, akafungwa miezi sita. Mwezi wa pili wa kifungo mkewe, Mama Neema, alikuja na hela za dagaa kwenye pindo la kitenge.

"Shikamoo, karani. Nimepata nusu. Mama mkwe wangu anaumwa sana kule Ujiji, anamwita mwanawe. Pokea hizi kwanza."

"Marahaba. Lete zote kwa mpigo, mama."

Alifunga pindo lake akaondoka, nami nikaendelea na chai yangu.

Mwezi wa tano alirudi mikono mitupu.

"Mama tumemzika juzi. Hela zimeishia kwenye jeneza. Wafungwa wenzake wamemwambia Yohana kwamba nusu ile ingemtoa mwezi wa tatu. Ni kweli, karani?"

"Ni kweli."

Nilitamani anitukane. Aliniaga kwa adabu.

Tangu hapo nilipokea kila kilicholetwa, hata sarafu. Karani Mkuu aliniita mwehu, wenzangu wakaacha kunywa chai nami. Nilistaafu hivyo hivyo.

Sasa naishi Gungu peke yangu. Mke wangu alitangulia, watoto wako mbali. Upweke unaniuma, sifichi. Kila asubuhi nakwenda Kibirizi kununua dagaa kwa Yohana. Ananipimia vizuri.

Wiki iliyopita nilijikaza. "Yohana, zile hela za mkeo... mimi ndiye niliyezikataa. Na mama yako..." Mzee mzima nikasimama pale nalia mbele ya wachuuzi.

Yohana akaweka kipimo chini.

"Mzee, hicho ulichonacho leo nimekipokea," alisema. "Kilichobaki utaleta kesho."